Apumzike au Ajizoeze? Mjadala wa Mtaani Raila

Katika nyumba yenye mgonjwa mashauri hayakosekani, na mawili ndiyo yasikikayo kuliko yote: la kwanza kwamba mgonjwa alale apumzike, na la pili kwamba ainuke ajinyoshe viungo. Kwa homa ya siku tatu ikhtilafu hiyo haina uzito, maana maradhi yenyewe huondoka kabla wampendao hawajakwisha kubishana. Lakini yako maradhi yakaayo na mtu umri wake wote, na kwa aliyepatwa nayo shauri hilo la kulala au kuinuka huwa ni shauri la namna atakavyoishi. Miongoni mwa maradhi hayo ni maltipo sklerosisi, ambayo wenye kuugua wamezoea kuyaita MS.

Tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeyaeleza kwa ukamilifu mwaka 1868, akayatenga na maradhi mengine yatetemeshayo mwili. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2020 na shirikisho la kimataifa la vyama vya wagonjwa hao, watu milioni 2.8 duniani walikuwa wakiishi nayo, wanawake wakiwa wawili au zaidi kwa kila mwanamume mmoja, na umri wa wastani wa kutambuliwa ugonjwa ukiwa miaka 32, yaani umri wa kulea na kuchuma. Ni kweli kwamba yameenea zaidi katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta kuliko katika nchi zetu. Walakini uchache si kutokuwapo, na tangu mwaka 1989 jarida la East African Medical Journal lilikwisha kuchapisha makala juu ya wagonjwa wa Kenya. Tena uchache wenyewe humzidishia mgonjwa wetu taabu, kwa kuwa huishi miongoni mwa watu ambao hawajapata kumwona mwingine mfano wake, na ambao kwa sababu hiyo humshauri kwa mapenzi mengi na kwa maarifa haba.

Mjadala ufuatao nimeuweka mtaani Raila, upande wa magharibi wa Kibera, jirani na Gatwekera na Soweto, ambako nyumba za chumba kimoja, futi 10 kwa 10, zimebanana chini ya mapaa ya mabati, na ambako mtu atokaye mlangoni hukutana mara moja na mtaro, mteremko na umati. Wasemaji wake watano ni wa kubuni. Lakini hoja wazitoazo ni hoja za kweli, nami nimejitahidi kumpa kila mmoja ile iliyo na nguvu zaidi, kwa kuwa mjadala ambao upande mmoja umenyimwa ulimi hauwi mjadala.

MZEE WA MTAA: Jamaa zangu, karibuni. Hatukukusanyika hapa ili kumhukumu mtu, bali ili kumsaidia binti yetu na walio kama yeye. Swali ni hili: mtu aliyepatwa na MS, akiishi hapa Raila na si penginepo, apumzike ili autunze mwili wake, au ajizoeze ili aupe nguvu? Mama aliyemlea ndiye mwenye haki ya kuanza.

SHANGAZI: Ahsante, Mzee. Mimi sikuja kubishana na vitabu. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu. Binti huyu nimemlea tangu alipofiwa na mamake, na alipokuwa mwanamwali kamili jicho lake moja lilifunga ukungu kwa majuma kadhaa, kisha likafunguka lenyewe tukasahau. Baadaye miguu ikafa ganzi, akawa akitembea kwa kuyumba, hata wapitao njia wakamdhania mlevi, na majirani wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Tulizunguka zahanati baada ya zahanati, mara akipewa dawa ya malaria, mara ya taifodi, mpaka alipofikishwa mahali penye mashine ya MRI ioneshayo ubongo na uti wa mgongo, ndipo ugonjwa ukapata jina. Na baada ya dhiki yote hiyo nasikia akiambiwa afanye mazoezi! Mazoezi gani, ilhali juzi tu alibeba mtungi wa lita 20 kutoka kibanda cha maji wakati wa adhuhuri, na kabla hajafika mlangoni macho yakamwingia giza, magoti yakalegea, akaanguka kando ya mtaro? Mwili uliochoka hulilia kupumzika, na aupuuzaye kilio hicho huudhulumu. Tena mtaa wetu huu umeitwa kwa jina la mwanasiasa wetu Raila Odinga, Mwenyezi Mungu amrehemu, na sote twajua kwamba tarehe 15 Oktoba 2025 alianguka huko Kerala, nchini India, akiwa katika matembezi yake ya asubuhi, asipone. Ikiwa kutembea hakukumwokoa mtu aliyezungukwa na matabibu, kutamwokoaje mtoto wangu?

MZEE WA MTAA: Maneno hayo yameniingia. Daktari wa viungo, una jawabu?

TABIBU WA VIUNGO: Ninalo, Mzee, lakini kwanza nimfanyie Mama insafu, kwa sababu hoja yake ilikuwa ndiyo hoja ya matabibu wenyewe kwa muda wa karibu karne nzima. Mwaka 1890 tabibu wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika habari za wagonjwa wa MS ambao kuona kwao kulififia kila walipojichosha na kukarejea walipotulia; na kwa kuwa ilidhaniwa kwamba ni ile harakati iliyodhuru, wagonjwa kizazi baada ya kizazi waliamriwa wakae na kuziwekea akiba nguvu zao. Baadaye ikafahamika kwamba lililowafifishia macho lilikuwa joto la mwili, ambalo harakati hulipandisha, na kwamba joto la namna yoyote nyingine hufanya vilevile. Hata kwa miaka mingi, kabla ya kuwapo MRI, mtu aliyeshukiwa kuwa na MS akitiwa katika birika la maji ya moto ili ionekane kama dalili zitamzidi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mishipa ya fahamu imevikwa utando uitwao maielini, na katika MS askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, huugeukia utando huo na kuuchuna. Tazameni nyaya zilizotapakaa juu ya mapaa yetu: waya uliochunika ganda bado hupitisha umeme, lakini kwa kukatikakatika, na penye hitilafu kidogo tu taa hufifia. Ndivyo ulivyo mshipa uliochunwa; joto la mwili likipanda hata kwa nusu digrii, habari itokayo kwenye ubongo kwenda mguuni huchelewa au hupotea njiani. Mwili ukipoa, habari hupita tena. Giza lile la adhuhuri, Mama, lilimtisha kila aliyeliona, lakini halikuongeza jeraha jipya katika ubongo wa binti. Kilichomwangusha ni jua pamoja na mtungi.

Ama habari ya marehemu Raila Odinga, alikuwa mzee wa miaka 80 ambaye moyo wake ulisimama, na kifo kumkuta mtu akitembea si ushahidi kwamba kutembea ndiko kulikomwua. Ushahidi hutafutwa kwa watu wengi na kwa utaratibu. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 54 waliogawanywa kwa kura mafungu mawili: fungu moja likajizoeza kwa wiki 15, mara tatu kila wiki, dakika 40 kila mara, kwa mashine iendeshwayo kwa mikono na miguu; fungu la pili likaendelea na maisha yake kama kawaida. Waliojizoeza walipata pumzi zaidi na nguvu zaidi, na huzuni yao ikapungua. Kisha mwaka 2014 Lara Pilutti na wenzake wakayakusanya majaribio 26 yenye jumla ya watu 1,295, ili wajue kama mazoezi huuamsha ugonjwa. Waliorejewa na mashambulio walikuwa asilimia 6.3 katika wasiojizoeza, na asilimia 4.6 katika waliojizoeza. Sidai kwamba mazoezi ndiyo yaliyoyazuia mashambulio. Nadai kwamba ile hofu yetu ya zamani imetafutiwa ushahidi ikaukosa.

SHANGAZI: Daktari, umesema kwa adabu, nami nakushukuru; ila hao watu wako walijizoeza ndani ya jengo, juu ya sakafu iliyo sawa, kwa mashine iliyofungwa isianguke. Hapa kwetu sakafu iliyo sawa iko wapi? Mvua ikinyesha, njia huwa utelezi toka mlangoni mpaka barabarani. Jua likiwaka, mabati hugeuka tanuri. Na liko jambo la pili ambalo wasomi hawaliulizi. Wanawake wa Kibera huamka kabla ya alfajiri, hupanga foleni ya maji, hufua nguo za watu, hupanda na kushuka mteremko huu na mizigo kichwani, wengine huenda kwa miguu hadi eneo la viwanda kutafuta kibarua na kurudi. Ikiwa kuushughulisha mwili ni dawa, basi hakuna wanawake ambao wangekuwa na siha kuliko sisi. Mbona tu wachovu hivi? Mbona migongo inatuuma kabla ya uzee? Mtu anayehangaika kutwa kwa kulazimika, ukimwambia usiku afanye mazoezi, humwambii jambo la tiba. Wamwongezea mzigo juu ya mzigo.

MZEE WA MTAA: Hapo nadhani tumefika penye kiini. Binti yangu, umetusikiliza kwa muda mrefu tukikujadili kana kwamba hupo. Sema.

BINTI: Ahsante, Mzee. Shangazi, sina neno la kulipa malezi yako, na nitakayoyasema si ya kukupinga. Wewe umeuona uchovu wangu, lakini umeufananisha na wako, nao si mmoja. Uchovu wa aliyefua kutwa huondolewa na usingizi. Uchovu huu wangu naweza kuamka nao hali nimelala usiku mzima, ukanikalia kifuani hata kuinua kikombe kukawa kazi. Ule mwaka wa kwanza nilikutii, nikalala. Nililala hata misuli ya mapaja ikapungua, magoti yakakakamaa, choo kikawa kigumu, na moyo ukaingia giza kubwa kuliko lile la macho. Na uchovu haukupungua hata kidogo, bali ulizidi, kwa sababu mwili uliopungua nguvu huchoshwa na mambo madogo zaidi kuliko mwanzo. Ikawa sasa nina magonjwa mawili: lile lililoletwa na maielini, na lile lililoletwa na kitanda.

Kisha nilianza kuinuka kidogo kidogo kama alivyonielekeza daktari, na hapo ndipo nilipoijua tofauti ambayo Shangazi ameikaribia lakini hakuitaja. Kubeba mtungi na kufanya mazoezi hutumia misuli ileile, lakini mtungi hauniulizi kama nimechoka. Nikiufikisha nusu ya njia nikaona mguu unazimika, siwezi kuutua, maana nyuma yangu watu wanasukumana, na nyumbani maji yanangojwa. Basi naendelea, na kuendelea huko ndiko kunakoniangusha. Lakini ninapojizoeza naanza ninapotaka, nasimama ninapoona mguu unaanza kuvuta, nanywa maji, nakaa, kisha naanza tena. Kipimo ki mkononi mwangu. Wanawake uliowataja, Shangazi, wamechoka kwa sababu kipimo cha kazi yao ki mikononi mwa watu wengine.

MZEE WA MTAA: Neno hilo la kipimo tulishike. Dada yetu mhamasishaji wa afya, wewe huzunguka nyumba kwa nyumba huko Kawangware, na hali za huko na za huku hazikuachana mbali. Yawezekana kweli mtu akawa na kipimo chake katika makazi kama haya?

MHAMASISHAJI WA AFYA: Yawezekana, Mzee wetu, lakini si kwa kumwambia mtu neno "mazoezi" kisha ukaenda zako. Sisi wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao mwaka 2023 serikali ilitukabidhi mikoba yetu, tu kiasi cha 100,000 nchi nzima. Mkobani mna kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, hamna kipimo cha MS. Lakini macho tunayo, na miguu ya kufika mlangoni kwa mtu tunayo. Nami nimejifunza kuanza na mambo matatu kabla ya zoezi lolote.

La kwanza ni kuanguka. Katika uchunguzi uliokusanya wagonjwa wa nchi nne, zaidi ya nusu yao walikuwa wameanguka ndani ya miezi mitatu, na huko sidhani kulikuwa na mitaro kama yetu. Basi zoezi la mwanzo ni la mizani ya mwili, nalo lafanyika ndani ya futi 10 kwa 10: mgonjwa hushika mwimo wa mlango akasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, hukaa juu ya kigoda akainuka bila kujisukuma kwa mikono, mara tano, akapumzika, akarudia. Wako waendao kutembea juu ya reli ipitayo Kibera kwa kuwa ndiko kulikonyooka, nami huwakataza, kwa sababu kokoto na garimoshi havimsamehei mwenye mguu mzito. Afadhali kuomba ukumbi wa kanisa au darasa la shule siku ambazo ni tupu.

La pili ni joto. Mazoezi yafanywe alfajiri, kabla jua halijayapasha mabati, mlango ukiwa wazi, na leso iliyoloweshwa maji ikiwa shingoni. Mtu asiyekuwa na kiyoyozi anayo asubuhi ya Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni baridi ya kutosha.

La tatu watu huona haya kulisema, nami nitalisema. MS huharibu zamu ya haja ndogo. Humshika mtu ghafla wala haimpi nafasi. Ikiwa choo ni cha jumuiya, ki mbali, na usiku njia ina giza na hatari, mgonjwa huamua kutokunywa maji. Na asipokunywa maji hupata kizunguzungu, hufunga choo, huugua njia ya mkojo, kisha sisi tunashangaa kwamba hana nguvu za kujizoeza. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa zoezi gani limfaalo mgonjwa wa Kawangware au wa Raila, huuliza kwanza choo chake kiko wapi.

SHANGAZI: Sasa mnanivuta, sikatai. Lakini nina khofu moja iliyobaki, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Nasikia ziko dawa za ugonjwa huu, dawa zinazouzuia usiendelee, na nasikia bei yake haikaribiki. Sasa watu wanatujia na mazoezi, ambayo hayana bei. Nachelea mazoezi yasije yakafanywa dawa ya maskini: tajiri apewe sindano, sisi tupewe kigoda cha kukalia na kuinukia, kisha tuambiwe tumetibiwa.

TABIBU WA VIUNGO: Mama, khofu hiyo ni ya haki, na anayeficha ukweli huo simhesabu kuwa mwenzangu katika kazi. Mazoezi hayaponyi MS, wala hayashiki mahali pa dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa za lazima, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Maana yake ni kwamba dawa hizi zimetolewa katika hesabu ya anasa na kuwekwa katika hesabu ya haki. Kila mwenye sauti na azidai, kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyorithi kazi ya mfuko wa bima ya afya wa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kwa kaunti, na kwa wawakilishi wetu. Lakini hata huyo apataye sindano hubaki na miguu iliyodhoofu na moyo uliovunjika, na sindano haiyatengenezi hayo. Dawa huuzuia ugonjwa usichukue zaidi. Mazoezi humsaidia mtu kuyatumia yaliyobaki. Tajiri huhitaji yote mawili, na maskini huhitaji yote mawili.

Na ili asije mtu akadhani kwamba namtaka binti ashindane mbio, nitaje kadiri yenyewe. Mwongozo uliotolewa nchini Kanada mwaka 2013 kwa wagonjwa wa MS wenye ulemavu mdogo au wa wastani wataka dakika 30 za harakati ya wastani yenye kuongeza pumzi, mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli, mara mbili kwa wiki. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 wapanda hadi dakika 150 kwa wiki, lakini wasisitiza kwamba mtu afike huko pole pole na kwa kadiri ya uwezo wake. Wakati wa shambulio jipya mazoezi yasimame na tabibu aonwe. Na kanuni ya kila siku ni nyepesi: dalili zilizozidi wakati wa zoezi zikitulia baada ya saa moja hivi, kipimo kilikuwa sawa; uchovu ukimlaza mtu hata kesho yake, kipimo kilizidi, na siku ifuatayo kipunguzwe, bila ya kuacha.

MZEE WA MTAA: Binti yangu, nitakuuliza swali la mwisho, kwa kuwa tabibu hupima nguvu na mama hupima maumivu, lakini wewe ndiye uishiye ndani ya mwili huo. Wataka nini?

BINTI: Nataka usiku niweze kwenda haja bila kumwamsha Shangazi. Nataka niweze kukaa wima kwa muda wa kumsuka mteja mmoja nywele mpaka mwisho, nilipwe changu, maana kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Nataka Jumapili niimbe nimesimama pamoja na wenzangu. Sikutaja kupona, kwa sababu hilo halimo mikononi mwa aliyeko hapa. Nimetaja mambo ambayo goti likiwa na nguvu kidogo zaidi na njia ikiwa na taa moja zaidi, nitayapata. Mkinipimia maisha, nipimieni kwa hayo.

SHANGAZI: Basi mtungi nitaubeba mimi, na kijana wa jirani atanisaidia. Nami alfajiri nitaufungua mlango.

Hapo ndipo mjadala ulipofikia, nami mwandishi nimebakiwa na wajibu wa kusema hukumu yangu, kwa kuwa si uungwana kuwasemesha wengine kisha mtu akajificha nyuma yao. Naona kwamba Shangazi na Tabibu walikuwa wakisema kweli mbili zisizopingana, isipokuwa kila mmoja alikuwa akiliangalia jambo tofauti: yule alikuwa akiiangalia kazi ya kulazimishwa, na huyu akiiangalia harakati ya hiari, na kwa kuwa zote mbili hutoa jasho, tumezoea kuzifanya kitu kimoja. Ni rahisi kumsifu mwanamke wa mtaani kwa ukakamavu wake, kana kwamba mizigo aliyotwishwa ni fadhila aliyotendewa. Na ni rahisi vilevile, akiugua, kumlaza kitandani na kumwondolea pamoja na mizigo kila alichokuwa akikipenda. Katika hali zote mbili amenyang'anywa jambo lilelile, nalo ni mamlaka ya kuamua mwili wake uanze lini na ukome wapi. Ndiyo maana sikubali kwamba swali ni kupumzika au kujizoeza. Pumziko lililoamriwa ni kifungo, na zoezi lililoamriwa ni kibarua kisicho na ujira.

Na mamlaka hayo, kama tulivyoyasikia, hayapatikani kwa moyo wa ushujaa peke yake. Yahitaji mtu wa pili wa kubeba maji. Yahitaji mtaro uliofunikwa, taa njiani, na choo chenye cha kushikia. Yahitaji mtaalamu wa viungo katika vituo vya afya vilivyo karibu na watu, asiwe wa hospitali kuu tu ambako nauli ya kwenda na kurudi hula chakula cha siku. Yahitaji viti vya magurudumu na mikongojo kwa ambao miguu yao haitarudi, kazi ambayo chama cha walemavu wa viungo cha APDK kimeifanya nchini tangu mwaka 1958, na ambayo haifai kuachiwa chama kimoja. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, wala haikuandika kwamba kiwango hicho hushuka pindi mtu avukapo reli na kuingia Kibera. Wagonjwa wa MS ni wachache, naam; lakini taa, mtaro na choo vikitengenezwa kwa ajili yao, vitamfaa pia mjamzito, na mzee mwenye kiharusi, na mtoto, na mchuuzi arudiye usiku.

Hukumu yangu basi ni hii: mwenye MS wa Raila au wa Kawangware ajizoeze, kwa sababu ushahidi umekwisha kusimama kwamba harakati yenye kadiri humwongezea nguvu na kumpunguzia huzuni bila ya kumwamshia ugonjwa, apumzike pia, kwa sababu uchovu wake ni wa kweli wala si uvivu, na sisi tulio wazima, kuanzia wa nyumba moja naye hata wenye kukata bajeti ya kaunti, tuhakikishe kwamba kuchagua kati ya mawili hayo, kila siku, kumo katika uwezo wake.